Motokari Ikiharibika Njiani

Watu wengi huletwa hospitali wakisema, "Motokari ilituharibikia njiani." Lakini mganga akiuliza vizuri anaona kwamba siyo motokari iliyowaumiza. Ilikuwa imekwisha kusimama, na wote walikuwa wameshuka wazima. Kisha mmoja akafungua radiatere inayochemka. Mwingine akaingia chini ya kamio iliyoinuliwa kwa kriki. Mwingine akavuta esanse kwa kinywa, na mwingine akalala usingizi kati ya magurudumu.

Hatutaki hapa kukufundisha kazi ya fundi. Tunataka ujue mambo ya kufanya, na zaidi mambo ya kuacha, katika ile saa moja baada ya motokari kusimama. Wala maneno haya si ya mashofere peke yao. Wewe abiria uketiye juu ya mizigo, ni yako pia. Shofere akiwa na haraka, ni wewe utakayeweza kumzuia.

Mahali pa kusimama

Ukiona motokari inapungukiwa nguvu, usingoje izimike katikati ya njia. Iache ijivute mpaka kando, mahali palipo sawa, mbali na kona na mbali na daraja. Abiria washuke upande wa majani, si upande wa njia. Katika Kongo tunaendesha kwa kuume. Lakini huku mashariki motokari nyingi zimetoka Uganda, Kenya na Tanzania, na usukani wao uko upande wa kuume. Shofere wa motokari ya namna hiyo akitaka kupita kamio iliyosimama, haoni vizuri mbele yake mpaka sehemu kubwa ya motokari yake imekwisha kuingia upande wa pili. Basi usisimame ukizungumza kwenye ubavu wa kamio unaoelekea njia.

Kata matawi yenye majani mengi, kama desturi yetu ilivyo, au weka pembetatu nyekundu kama unayo. Tawi la kwanza liwe hatua mia moja nyuma ya motokari, la pili hatua hamsini. Fanya vivyo hivyo mbele. Kama kuna kona, tawi liwekwe kabla ya kona, maana tawi lililo baada ya kona huonekana pamoja na kamio yenyewe, na wakati huo freni hazifai tena kitu. Usiku majani hayaonekani. Mtu mmoja asimame kando na tochi, nje ya njia kabisa, akiwapungia wanaokuja.

Na mawe uliyoweka chini ya magurudumu? Ukiondoka, yaondoe. Watu huyaacha njiani kila siku, na matawi pia. Kisha usiku kijana wa pikipiki analigonga jiwe ambalo wewe umekwisha kulisahau.

Wakati wa mvua kamio inaweza kukwama katika matope siku nyingi. Watu hutafuta kivuli au mahali pakavu, nao hulala chini yake. Tafadhali, usilale hapo, hata kama wengine wanalala. Jiwe linaweza kuteleza katika matope. Na mara nyingi kamio ya mbele ikitoka, shofere wa nyuma anafurahi, anapanda, anawasha, anaondoka bila kutazama. Konvoyere azunguke kamio nzima kila mara kabla haijaondoka, ainame atazame chini, ahesabu watoto. Tena usiku wa baridi milimani, usiwashe mbabula ndani ya kabini iliyofungwa, wala usilale ndani yake na motere ikiwaka. Moshi ule una hewa ya sumu isiyo na harufu. Mtu hasikii maumivu. Anasinzia tu, kisha haamki.

Radiatere ikichemka

Maji yaliyo katika sufuria huchemka, na mvuke unatoka juu. Lakini radiatere imefungwa kwa kifuniko chenye nguvu, mvuke hauna njia. Kwa hiyo maji yale hupata moto kupita yale ya sufuria, nayo hayachemki yote kwa kuwa yanakazwa. Siku unapofungua kifuniko, mkazo unaondoka mara moja. Maji yanageuka mvuke na kuruka juu kama chemchemi. Yanapiga nini? Uso wa mtu aliyeinama juu yake, na macho, na kifua.

Zima motere. Fungua boneti uache joto litoke, kisha nenda ukaketi. Ngoja nusu saa au zaidi. Kama huwezi kuweka mkono wako juu ya radiatere bila kuuondoa, bado. Ikiisha kupoa, weka kitambaa kinene kilichokunjwa juu ya kifuniko, geuza uso wako kando, fungua kidogo tu na usimame. Ukisikia inapiga mluzi, ngoja mpaka sauti iishe. Ndipo umalize kufungua. Usimwage maji baridi kwa haraka katika motere yenye moto, kwa maana chuma kinaweza kupasuka, na hasara yake ni kubwa kuliko bei ya nusu saa. Mimina kidogo kidogo.

Mtu akiungua kwa maji au mvuke, mwondolee nguo zilizolowa na pete na saa kabla hajavimba. Nguo iliyoshikamana na ngozi usiivute. Mwagia mahali palipoungua maji safi ya baridi kwa dakika 20. Si dakika mbili. Dakika 20 kwa saa. Kama maji ni machache, yapokee katika beseni uyamwage tena. Moto unakaa ndani ya nyama hata baada ya ngozi kupoa, na maji hayo ndiyo yanayouzuia usiende chini zaidi. Sehemu nyingine za mwili zifunike, hasa za mtoto, asishikwe na baridi. Kisha funika kidonda kwa kitambaa safi bila kukaza. Usipake mawese, wala dawa ya meno, wala asali, wala mafuta ya motere, wala majivu. Ni kazi ya uchungu sana kwa mgonjwa wakati mwuguzi anapoosha vitu hivyo vyote katika kidonda. Usitoboe malengelenge.

Kriki na magurudumu

Kriki imefanywa kuinua motokari. Haikufanywa kuishika juu ya mtu. Udongo wetu ni laini, na mvua ikinyesha kriki huzama au huinama bila sauti. Weka ubao mpana chini yake. Shika magurudumu mengine kwa mawe, mbele na nyuma, vuta freni ya mkono, na abiria wote washuke. Legeza ekru kidogo gurudumu likiwa bado limegusa chini, ndipo uinue. Ukiisha kuondoa gurudumu, lisukume chini ya motokari pamoja na lile utakalotia. Motokari ikianguka italiangukia hilo, si mguu wako. Kaza ekru kwa kuvukana, yaani moja na ile inayoielekea, na baada ya kilometa 50 hivi simama uzikaze tena. Kuingia chini mwili mzima, juu ya kriki peke yake, ni jambo la kukataa hata shofere akikucheka.

Katika kamio nyingi za zamani gurudumu hushikwa na pete ya chuma. Toa pumzi yote kabla ya kuigusa pete hiyo. Na wakati wa kujaza pumzi tena, mtu yeyote asisimame mbele ya pete wala kuinama juu yake. Isipokaa vizuri huruka kwa nguvu nyingi sana, nayo huvunja kichwa. Watoto hupenda kutazama kazi hii. Wafukuze.

Ukivutwa na motokari nyingine, kila mtu akae mbali na kamba au mnyororo kuliko urefu wake, maana ukikatika hurudi kama fimbo. Wala mtu asipite kati ya motokari mbili.

Esanse

Shofere akiishiwa, hununua kwa vijana wa kando ya njia, wale watu wanaowaita Kadhafi. Kisha mtu anatia mpira katika bidoni na kuvuta kwa kinywa. Mara nyingi hakuna neno, na kwa hiyo watu wanadhani hakuna hatari. Lakini siku moja matone machache yanashuka upande wa mapafu badala ya tumbo, nayo huchoma mapafu. Mtu anakohoa, pumzi inakuwa fupi, homa inafuata, pengine baada ya saa kadhaa. Akimeza esanse au mazuti, usimtapishe, kwa kuwa akitapika mafuta hupita tena karibu na mapafu. Usimpe maziwa wala mawese. Mketishe wima, umpeleke hospitali upesi kama anakohoa. Ni rahisi kuepuka jambo hili: zamisha mpira wote ndani ya bidoni mpaka ujae, ziba ncha yake kwa kidole gumba, itoe, ishushe chini kuliko bidoni, kisha achia. Mafuta yatakuja yenyewe.

Usiwashe kiberiti ili utazame kama tangi lina kitu. Usiwashe moto karibu na batri pia, kwa sababu inapojazwa hutoa hewa inayolipuka. Maji yake makali yakiingia machoni, yaoshe kwa maji mengi dakika 20, ndipo uende kwa mganga.

Sasa kuna jambo moja ambalo twataka ulishike kuliko mengine. Tarehe 2 Julai 2010, jioni, kamio kubwa ya mafuta ilipinduka Sange, kwenye njia ya Bukavu na Uvira. Mafuta yakamwagika kati ya nyumba. Watu wakaja na ndoo na bidoni kuyachota, na watoto pamoja nao. Wengine walikuwa ndani, wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Kisha moto ukawaka. Watu zaidi ya 230 walikufa, na wengi wao hawakuwa wamegusa ndoo. Walikuwa karibu tu.

Kwa nini moto huo hukimbia hivyo? Kwa sababu kinachowaka si mafuta yale unayoyaona chini. Ni mvuke wake usioonekana. Mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini kama maji, hufuata mtaro, huingia nyumbani kwa mlango. Ukifika kwenye jiko la mama anayepika mbali na pale, au kwenye sigara, au kwenye pikipiki inayowashwa, moto hurudi kwa njia ile ile mpaka kwenye kamio, upesi kuliko mtu awezavyo kukimbia. Aliyechota, nguo zake zimelowa. Yeye mwenyewe amekuwa utambi.

Twajua bei ya esanse, na twajua kwamba ndoo moja ni fedha ya chakula cha siku kadhaa. Hata hivyo ukiona kamio ya mafuta imepinduka, usikaribie kutazama. Waite watoto. Zima jiko lako kwa mchanga. Ondoka upande ule upepo unakotoka, panda mahali pa juu, usishuke bondeni, uende mbali mpaka usisikie harufu, kisha uende mbali tena. Wazuie watu njiani pande zote mbili. Ikiwa wewe ni mzee wa kijiji au wa kanisa, watu wanakusikia. Usingoje askari afike.

Mtelemko

Kwenye mitelemko mirefu, kama Kabasha na Ngomo, tia vitesi vidogo tangu juu, uiache motere izuie kamio. Shofere akikanyaga freni muda wote hupata moto mpaka hazishiki tena. Zikikosa kushika, ashushe vitesi moja moja, avute freni ya mkono pole pole, aegeshe kamio kwenye ukuta wa mlima. Asikubali upande wa bonde hata kama ni mpana. Usiruke kutoka juu ya mizigo. Wengi walioruka waliangukia magurudumu.

Mtu akiumia

Kabla hujamkimbilia, simama utazame: je, mafuta yanavuja, je, motokari nyingine inakuja? Damu ikitoka sana, kandamiza kidonda kwa kitambaa na mikono yako yote miwili, wala usiondoe kutazama. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake. Mtu asiyejua kitu lakini anavuta pumzi, mlaze ubavu, kinywa kielekee chini kidogo. Usimpe maji wala pombe. Mfupa uliovunjika ufungie kijiti au ubao kama ulivyo, bila kuunyosha. Kama ameumia shingo au mgongo, au hasikii miguu, usimwinue kwa mabega na miguu kama gunia. Watu wanne au watano wamtelezeshe pamoja juu ya ubao au mlango, mmoja akishika kichwa kisigeuke, naye apelekwe amelala. Usimkalishe juu ya pikipiki kati ya watu wawili, ila hakuna njia nyingine kabisa.

Mtu mmoja aliyeona ajali aende naye, maana mganga atauliza maneno ambayo mgonjwa hawezi kujibu. Ilitokea saa ngapi? Alizimia? Alitapika? Alivuta mafuta, au maji ya batri yalimgusa? Alipewa kitu gani kunywa? Alipata lini sindano ya pepopunda? Yaandike kwenye karatasi, uifunge kwenye nguo yake, iwe mgonjwa akifika peke yake karatasi imwambie mganga.