Safari ya Kuwaona Sokwemtu Gombe na Mahale: Maandalizi Huanzia kwenye Afya ya Mgeni

Na Mwandishi Wetu

Mwananchi anayepanga kwenda kuwaona sokwemtu katika misitu ya magharibi mwa Tanzania kwa kawaida huuliza kwanza kuhusu nauli, kiingilio na mahali pa kulala. Hayo ni maswali ya msingi, na makala haya yanayaeleza. Hata hivyo, lipo jambo moja linaloweza kuizuia safari hata baada ya gharama zote kulipwa, nalo ni mafua. Mgeni mwenye mafua, kikohozi au homa haruhusiwi kuwakaribia sokwemtu, na sababu ya katazo hilo ndiyo inayoeleza karibu kila sharti lingine la safari hii.

Kwa nini masharti ni makali

Sokwemtu ni miongoni mwa wanyama walio karibu zaidi na binadamu kibaiolojia. Takribani asilimia 98 ya vinasaba vyao inafanana na ya binadamu. Kutokana na ukaribu huo, maradhi mengi yanayotupata sisi huwapata na wao. Ugonjwa ambao kwa mtu mzima hupita baada ya siku chache za kupiga chafya unaweza kumuua sokwemtu, ambaye mwili wake haujawahi kukutana nao.

Hatari hii imekwisha kuonekana nchini. Mwaka 1966 sokwemtu wa Gombe walikumbwa na ugonjwa wa polio. Baadhi walikufa na wengine wakabaki na viungo vilivyopooza. Mwaka 2006 ugonjwa wa njia ya hewa uliingia katika kundi la sokwemtu wanaotembelewa na wageni huko Mahale na kusababisha vifo. Uchunguzi wa kitaalamu uliofuata ulibaini kirusi cha aina inayowapata binadamu.

Hasara ya namna hiyo haifidiwi kwa haraka. Sokwemtu jike hubeba mimba kwa takribani miezi minane, kwa kawaida huzaa mtoto mmoja, na hukaa miaka mitano au zaidi kabla ya kuzaa tena. Gombe nzima ina sokwemtu wapatao 100 tu. Msimu mmoja wa maradhi unaweza kuondoa idadi ambayo kundi litahitaji miaka mingi kuirejesha.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika misitu hii, usemi huo hutimia pale tu mgeni anapofika akiwa mzima.

Kuchagua hifadhi

Hifadhi ya Taifa ya Gombe, iliyotangazwa mwaka 1968, ni miongoni mwa hifadhi ndogo kabisa nchini, ikiwa na ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 50. Iko kando ya Ziwa Tanganyika, takribani kilomita 16 kaskazini mwa mji wa Kigoma. Hapa ndipo Jane Goodall alipoanza utafiti wake Julai 1960. Mwaka huohuo alishuhudia sokwemtu akitumia ujiti kuvua mchwa kutoka kwenye kichuguu, jambo lililowafanya wanasayansi waangalie upya dhana kwamba binadamu pekee ndiye anayetengeneza na kutumia zana.

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale, iliyoanzishwa mwaka 1985, ina kilomita za mraba 1,613 na iko takribani kilomita 120 kusini mwa mji wa Kigoma, katika nchi ya asili ya Watongwe. Watafiti kutoka Japani, akiwemo Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto, walianza kazi yao huko mwaka 1965. Mlima Nkungwe, ulio mrefu kuliko yote katika safu hiyo, una kimo cha mita 2,462.

Kwa msafiri mwenye siku chache na bajeti ya kawaida, Gombe ni nyepesi kufikika. Mahale huhitaji siku na fedha zaidi, lakini humpa mgeni msitu mpana na utulivu mkubwa.

Kufika na kulipia

Kigoma hufikika kwa ndege, treni ya Reli ya Kati au basi. Kutoka mjini, safari ya Gombe ni ya majini pekee. Mgeni anaweza kukodi boti au kupanda boti za abiria zinazotoka Kibirizi kuelekea vijiji vya kaskazini. Boti za abiria ni nafuu lakini huchukua saa nyingi zaidi na hufuata ratiba ya wanavijiji, hivyo ni vyema kuulizia muda wa kuondoka siku moja kabla. Mahale hufikika kwa boti, kwa ndege ndogo za kukodi, au kwa gari hadi vijiji vya kando ya ziwa na kumalizia kwa boti. Ndani ya hifadhi zote mbili matembezi ni ya miguu.

Viingilio hutozwa na Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA), na malipo hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali. Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa viwango vya chini kuliko wageni wengine, hivyo kitambulisho cha Taifa au pasipoti ni lazima kiwepo mkononi. Kwa kuwa viwango hubadilika, msafiri anashauriwa kuvithibitisha na TANAPA kabla ya kuondoka, pamoja na umri wa chini unaoruhusiwa, kwani watoto wadogo hawaruhusiwi katika msafara wa kuwafuata sokwemtu.

Kuhusu majira, kiangazi cha kuanzia Mei hadi Oktoba hurahisisha matembezi kwa sababu njia huwa kavu. Msimu wa mvua huwa na utelezi, ingawa huko Gombe sokwemtu hawatembei mbali sana nyakati hizo na huweza kupatikana kwa urahisi zaidi.

Siku ya matembezi

Sokwemtu hawa wamezoeshwa kuwaona watu kwa miaka mingi, lakini hawafugwi wala hawalishwi. Hulala kila usiku kwenye viota wanavyovitengeneza juu ya miti, na asubuhi huondoka kutafuta matunda. Waongozaji huanza kuwatafuta mapema, wakisikiliza milio na kufuata alama. Mgeni anaweza kuwapata ndani ya saa moja au kupanda miteremko mikali kwa saa kadhaa, na zipo siku wasipoonekana kabisa. Kwa sababu hiyo, ni busara kupanga angalau siku mbili.

Wakishapatikana, kundi dogo la wageni huruhusiwa kukaa nao kwa muda usiozidi saa moja. Katika muda huo, mgeni anatakiwa:

- kuvaa barakoa na kukaa umbali wa mita 10 au zaidi, na kurudi nyuma taratibu endapo sokwemtu atasogea;
- kutokula, kutokunywa, kutovuta sigara na kutotema mate;
- kuzungumza kwa sauti ya chini na kutoiga milio yao;
- kuzima mwanga wa kamera;
- kurudi na taka zote, ikiwemo barakoa iliyotumika.

Vifaa muhimu ni viatu imara, suruali ndefu, koti la mvua, maji ya kutosha na darubini. Mgeni ajikinge dhidi ya malaria, na asibebe mifuko ya plastiki, ambayo imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019. Huko Gombe, milango ya vyumba ifungwe wakati wote, kwani nyani wa ufukweni wana mazoea ya kuingia na kuchukua chakula.

Uamuzi wa mwisho ni wa mgeni

Mwongozaji anaweza kumzuia mtu anayekohoa mbele yake, lakini hawezi kuuona ugonjwa uliofichwa kwa dawa ya kutuliza dalili. Hapo ulinzi wa sokwemtu hubaki mikononi mwa msafiri mwenyewe. Wananchi wanahimizwa kujipima kwa uaminifu siku chache kabla ya safari, kuuliza mapema utaratibu wa kubadilisha tarehe, na kuahirisha pale mwili unapoonesha dalili. Safari iliyoahirishwa hupangwa tena msimu ujao. Sokwemtu aliyekufa kwa mafua ya mgeni harudi.