Godoro Kuukuu Lazaa Jipya
Poliyurethani, iliyovumbuliwa Ujerumani na Otto Bayer na wenzake mwaka 1937, ndiyo sponji ya magodoro mengi. Haiyeyuki kama plastiki ya ndoo: molekuli zake zimefungamana mithili ya wavu, na ikichomwa hutoa moshi wa sumu.

Wanakemia huukata wavu huo kwa glikoli yenye joto la nyuzi 200 hivi za Sentigredi. Vipande vya sponji huwa kimiminiko, ambacho kikitulia hujitenga matabaka mawili. La juu ni polioli, malighafi ya sponji. La chini ndilo lenye matata, kwani humo hukusanyika amini, ambazo baadhi yake hudhaniwa kuleta saratani. Polioli husafishwa, huchanganywa na mpya, kisha hutiwa isosayaneti na maji kidogo. Hewa ya ukaa huzuka, na povu huumuka kama unga wa maandazi.