Programu za Bure na Abiria wa Kudandia



Mwaka jana, katika wiki ya mwisho ya kukabidhi tasnifu, chumba chetu cha kompyuta kilipata mgeni ambaye hakualikwa. Frateri mmoja wa mwaka wa tatu alikuwa amemaliza kuandika kazi yake, akataka kuigeuza iwe PDF kabla ya kuipeleka kuchapwa. Alitafuta kwenye intaneti programu ya bure, akaipakua, akabofya "Next" mara nne au tano kama tunavyofanya wote, na kazi ikageuka vizuri. Akaondoka na furaha yake.

Aliyekaa kwenye kompyuta ile baada yake ndiye aliyekutana na balaa. Kivinjari kilifungua ukurasa ambao hakuna aliyeuchagua. Juu yake palikuwa na mstari mpya wa vitufe. Alipotafuta habari za Aristotle aliletewa matangazo ya viatu, ya michezo ya kubahatisha na, baya zaidi, picha za wanawake waliovaa nusu. Wakati huohuo padre mlezi akapita nyuma yake. Ilichukua siku mbili kueleweka kwamba ndugu yetu hakuzitafuta picha zile. Siku ya tatu tukagundua kwamba bando tulilochangia kwa wiki nzima limekwisha, na wenzetu kadhaa bado hawajatuma kazi zao.

Tulikasirika, kisha tukaona ni afadhali tuelewe. Tunawaandikia tuliyojifunza, kwa sababu tunajua kwamba kompyuta za ofisi za parokia, za walimu na za wanakwaya zinapata mgeni huyohuyo.

Mdandiaji ni nani?

Tunaiita programu ya kudandia ile inayoingia kwenye kompyuta ikiwa imepandishwa juu ya programu nyingine tuliyoitaka kweli. Mara nyingi si kirusi kwa maana ya kawaida. Haifuti mafaili wala haifungi kompyuta ili idai fedha. Inabadilisha ukurasa wa mwanzo wa kivinjari, inageuza mahali pa kutafutia habari, inaleta matangazo, inajiwasha kila kompyuta inapowashwa, na wakati mwingine inaandika kurasa tunazotembelea na kuzipeleka kwa mwenyewe. Kwa sababu haiharibu waziwazi, programu nyingi za kuzuia virusi ziliiachia ipite kwa miaka mingi. Na mwenyewe akilalamikiwa ana jibu moja tu: mlikubali wenyewe.

Jibu hilo lina nusu ya ukweli, na ndiyo maana linauma. Mahali fulani katika kubofya kwetu palikuwa na kisanduku kidogo chenye alama ya tiki tayari. Kuacha tiki ile kulihesabiwa kuwa ni kukubali. Pengine palikuwa na njia mbili: ya haraka, iliyoandikwa kwamba ndiyo inayopendekezwa, na nyingine iliyoandikwa "Custom", kana kwamba ni ya mafundi peke yao. Wadandiaji walikuwa wamefichwa katika hiyo ya pili, na anayepita njia ya haraka anawabeba wote bila kuwaona. Pengine kitufe cha kukubali kilikuwa kikubwa na chenye rangi, na cha kukataa kimepauka kama vile hakifanyi kazi.

Nani anamlipa nani?

Kinachowaleta wadandiaji hawa ni biashara kamili. Mtengenezaji wa programu ya bure, au mwenye tovuti inayozigawa, hulipwa kwa kila kompyuta ambayo mdandiaji ameingia. Mwaka 2016 watafiti wa Google na wa Chuo Kikuu cha New York walitoa utafiti juu ya biashara hii. Waliona malipo ya kati ya senti 10 za dola na dola moja na nusu kwa kila usakinishaji mmoja, kutegemea nchi ya mtumiaji. Waliona pia kwamba mfumo wa Google wa kuwaonya watumiaji ulikuwa ukitoa maonyo zaidi ya milioni 60 kila wiki kuhusu programu za namna hii, karibu mara tatu ya maonyo kuhusu virusi vya kawaida.

Hapo tunaelewa kwa nini mdandiaji hajitokezi mlangoni. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Programu ambayo watu wanaitaka haihitaji kulipia nafasi ya kujificha ndani ya nyingine.

Tusidhani kwamba hili ni jambo la tovuti za vichochoroni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Kazaa, programu maarufu ya kubadilishana muziki, ilibeba wadandiaji kadhaa wa matangazo. Baadaye desturi ikaingia kwa wakubwa. Java, ambayo kompyuta nyingi duniani ziliihitaji, kwa miaka kadhaa ilikuja na mstari wa vitufe wa Ask. Mwaka 2013 Ed Bott, mwandishi wa habari za teknolojia wa Marekani, alieleza kwamba mdandiaji huyo alisubiri dakika 10 baada ya Java kumaliza kusakinishwa ndipo naye aanze kujisakinisha. Aliyekagua kompyuta yake mara moja hakukuta kitu. Aliyekwenda kunywa chai akarudi, alimkuta.

Tatizo la Java lilikuwa na ubaya wa pekee. Java ilikuwa na matundu ya usalama, na kila tundu lilipozibwa ilibidi watu wasakinishe toleo jipya. Kila mara tiki ya mdandiaji ilirudi. Basi mtu mwangalifu, anayefuata ushauri wa kusasisha programu zake, ndiye aliyetegewa mara nyingi zaidi. Wengi wakajifunza somo baya: ukitaka amani, usisasishe. Kompyuta zao zikabaki na matundu.

Tovuti za kugawa programu nazo zilianguka. Mwaka 2011 Gordon Lyon, mtengenezaji wa Nmap, alilalamika hadharani kwamba tovuti ya Download.com ilikuwa imeifunga programu yake ya bure ndani ya kisakinishi chenye wadandiaji, bila ridhaa yake. Mwaka 2013 watengenezaji wa GIMP, programu ya kuhariri picha, waliacha kugawa toleo lao la Windows kupitia SourceForge kwa sababu ya mambo hayohayo. Mwaka 2015 ikagundulika kwamba SourceForge ilikuwa inaendelea kugawa GIMP kutoka kwenye ukurasa ule walioucha, ikiwa na wadandiaji. Kelele zikawa kubwa, ikaacha. Mwaka 2016 SourceForge ilipata wamiliki wapya, nao wakaifuta desturi hiyo.

Hata kulipa hakukuwa kinga. Februari 2015 ilifahamika kwamba baadhi ya kompyuta mpya za Lenovo ziliuzwa zikiwa na programu iliyoitwa Superfish. Ili iweze kuingiza matangazo yake, Superfish ilijiweka katikati ya mtumiaji na tovuti zenye ulinzi, zikiwemo za benki, tena kwa ufunguo mmoja uleule katika kompyuta zote. Aliyeupata ufunguo huo angeweza kujifanya benki mbele ya mteja yeyote mwenye kompyuta ya namna hiyo.

Je, kweli tulikubali?

Sisi tunaosoma falsafa hatuwezi kulipita swali hili. Aristotle, katika kitabu cha tatu cha Maadili ya Nikomako, anafundisha kwamba tendo linalofanyika kwa nguvu au kwa kutojua si la hiari. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafuata njia hiyo: hiari inahitaji kujua. Anayetegemea kwamba hatutasoma hawezi kudai kwamba ametuomba ruhusa. Kanisa nalo linalijua jambo hili katika mambo mazito kuliko kompyuta. Kanuni ya 1098 ya Sheria za Kanisa inasema kwamba aliyefunga ndoa kwa kudanganywa kwa makusudi ili aridhie, juu ya sifa inayoweza kuvuruga vikali maisha ya ndoa, hakufunga ndoa halali. Hatusemi kwamba kisanduku cha tiki ni sawa na ndoa. Tunasema tu kwamba ndiyo iliyopatikana kwa hila ina kasoro, hata kama kidole kilichobofya ni chetu.

Lakini Mtakatifu Thoma hatuachii hapo. Kuna kutojua ambako sisi wenyewe tumekutaka, kwa uvivu wa kutafuta tunachopaswa kukijua. Anayebofya "Next" mara tano bila kusoma neno, kwenye kompyuta ambayo ni ya watu wote, ana sehemu yake ya kosa. Ndugu yetu wa mwaka wa tatu alilikubali hili kabla hatujamwambia. Alimwomba radhi mwenzake aliyeshukiwa, akanunua bando kwa fedha yake.

Tukaenda mbali zaidi, na hapo palituchoma. Tulipokuwa tukisafisha kompyuta zile, tulikuta kwamba programu kadhaa za kulipia zilikuwa nakala za wizi, zilizokuja na flashi ya mtu fulani na kufunguliwa kwa vifaa vya kuvunjia leseni. Vifaa hivyo ni mlango mpana wa wadandiaji na wa virusi halisi, maana ili vifanye kazi huomba kwanza ulinzi uzimwe. Tulikuwa tunamlaumu mdandiaji kwa kuingia bila ruhusa, huku sisi wenyewe tukitumia kazi ya watu bila ruhusa yao. Hatuna njia ya kuipamba habari hii.

Gharama yake kwetu

Mwenye intaneti isiyopimwa na kompyuta mpya huenda asimtambue mdandiaji. Sisi tunamtambua kwa haraka. Tunanunua intaneti kwa bando, na matangazo yanayojipakua nyuma ya pazia yanakula fedha yetu. Kompyuta zetu nyingi zimetumika Ulaya kabla ya kufika hapa. Zina kumbukumbu ndogo, na programu tatu zinazojiwasha asubuhi zinatosha kuzifanya zitambae. Kwenye ofisi ya parokia kuna majina ya wabatizwa, tarehe za kuzaliwa, ndoa na michango ya jumuiya. Hizo ni taarifa za watu waliotuamini. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Anayetunza taarifa za wengine anawajibika kuzilinda, na hawezi kuwajibika kama hajui nani mwingine yumo ndani ya kompyuta.

Tufanye nini?

Kwanza, tupakue programu kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe. Matokeo ya kwanza ya utafutaji mara nyingi ni tangazo, na tovuti ya tangazo inaweza kuwa na jina linalofanana sana na la kweli. Tusome anwani kabla ya kubofya.

Pili, tutofautishe bure na bure. Kuna programu ambazo hazina bei lakini mwenyewe anatafuta kulipwa kwa mlango wa nyuma. Na kuna programu huria, ambazo maandishi yake yako wazi kwa yeyote kuyakagua. VLC, ya kuchezea video na muziki, ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa École Centrale ya Paris, na mpaka leo haina matangazo. LibreOffice inaandika barua na tasnifu, na inatoa PDF yenyewe. Kama ndugu yetu angalijua hilo, asingalitafuta programu nyingine. Programu ya Word ya miaka ya karibuni nayo inaweza.

Tatu, wakati wa kusakinisha tuchague njia ya "Custom", tusome kila ukurasa, tuondoe kila tiki tusiyoielewa. Ni kazi ya dakika mbili.

Nne, tutumie akaunti ya kawaida kwa kazi za kila siku, na akaunti ya msimamizi ikae kwa mtu mmoja au wawili. Windows 10, tangu mwaka 2020, ina sehemu ya kuzuia programu zisizotakiwa katika mipangilio yake ya usalama. Tuhakikishe imewashwa.

Tano, mgeni akishaingia, tusihangaike kutafuta programu nyingine ya bure ya kumfukuza, kwani nyingi za hizo ni ndugu zake. Twende kwenye orodha ya programu, tuipange kwa tarehe, tuondoe zote zilizoingia siku ile tusizozitambua. Kisha tufungue kivinjari, tufute viongezo vigeni, turudishe ukurasa wa mwanzo na mahali pa kutafutia. Mwisho tuangalie programu zinazojiwasha, tuzime zisizohitajika.

Sita, tukipenda programu ya bure iliyo safi, tuwachangie waliyoitengeneza, hata kidogo. Seva zinalipiwa na watengenezaji wanakula. Wengine walidanganyika kuwakaribisha wadandiaji kwa sababu hakuna mtumiaji aliyewahi kuwauliza wanaishije.

Katika chumba chetu nakala za wizi zimeondolewa zote, na kompyuta nne kati ya nane sasa zinatumia programu huria peke yake. Kulikuwa na manung'uniko mwanzoni, kwa sababu vitufe havikukaa mahali tulipovizoea. Karibu na mlango tumebandika karatasi yenye mwandiko wa yule ndugu yetu wa mwaka wa tatu: "Soma kabla ya kubofya." Padre mlezi bado anapita nyuma yetu. Tofauti ni kwamba siku hizi, akiona kitu cha ajabu kwenye kioo, anauliza kwanza.