Kronografu Kongwe za Chuma na Chumvi ya Unguja

Kronografu ni saa ya mkono yenye kazi mbili: huonyesha saa, na wakati huohuo hupima muda wa tukio kwa akrabu maalumu. Kwenye nyingi, kitufe cha juu huianzisha na kuisimamisha akrabu hiyo, na cha chini huirudisha kwenye sifuri. Viduara vya usoni huhesabu dakika zilizopita. Chombo hiki hakijali kama mwenyewe huanza kuhesabu saa kunapokucha, kama Waswahili, au usiku wa manane. Kwa mfano, mizinga ya Waingereza ilianza kuipiga kasri ya Sultani wa Unguja tarehe 27 Agosti 1896, saa 3:02 asubuhi, na muda wa vita hivyo hutajwa kuwa kati ya dakika 38 na 45. Kiduara cha dakika 30, kilicho cha kawaida, kingemaliza mzunguko mmoja na kuingia wa pili.

Wakusanyaji hupendelea zile za chuma cha pua zilizotengenezwa kati ya miaka ya 1940 na 1980. Hizi zilikuwa vyombo vya kazi vya marubani na madereva wa mashindano, hivyo zilizobaki bila kuguswa ni chache. Omega Speedmaster ilitoka mwaka 1957, ikapasishwa na NASA mwaka 1965 na kufika mwezini mwaka 1969. Rolex Daytona na Heuer Carrera zilitoka mwaka 1963, zote za kutia ufunguo. Daytona ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa New York mwaka 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17. Anayeanza na mfuko mdogo atazame Seiko 6139 ya mwaka 1969, miongoni mwa kronografu za kwanza zinazojitia ufunguo zenyewe; ni saa nzuri kweli, ila nyingi zimebadilishwa uso.

Kwa Wazanzibari wenye jamaa Maskati, zipo pia saa zenye alama ya jambia. Sultani Qaboos, aliyetawala Oman kuanzia 1970 hadi 2020, aliagiza saa za Rolex, zikiwemo Daytona, zenye alama hiyo usoni, kupitia duka la Asprey la London, akawatunukia watu. Thamani yake ni kubwa, na kwa sababu hiyo jambia la bandia huchapwa kwenye nyuso za kawaida.

Uso ndio unaobeba sehemu kubwa ya bei. Herufi T pembeni mwa neno SWISS huonyesha tritiumu, kiambato cha rangi ya kung'aa gizani kilichochukua nafasi ya radiamu miaka ya 1960. Nguvu yake hupungua kwa nusu kila miaka 12 hivi. Kwa hiyo saa ya mwaka 1970 inayowaka sana usiku imepakwa upya. Rangi ya alama za uso na ya akrabu zinapaswa kuwa zimezeeka pamoja. Kasha lililosuguliwa mno hupoteza kingo zake, na chuma kilichokwisha kuondoka hakirudi kwa kusuguliwa tena.

Kisiwani adui mkubwa ni chumvi. Chuma cha pua hukinza kutu, lakini chumvi ya upepo wa bahari na ya jasho hukitoboa vishimo, hasa chini ya mfuniko wa nyuma, pale mpira wa kuzuia maji ulipokauka. Unyevu ukiingia, vanishi ya uso huvimba na sehemu za chuma za mtambo hushika kutu. Nyumba za mawe na chokaa za Mji Mkongwe hushika unyevu wakati wa masika. Saa ihifadhiwe katika kopo lisilopitisha hewa, pamoja na vifuko vya chembe za kunyonya unyevu, wala si kabatini ukutani. Mpira ubadilishwe kila mtambo unapofanyiwa usafi, na kipuri chochote cha asili kinachotolewa kirudi kwa mwenyewe.

Mnunuzi asilipe kabla fundi saa hajaufungua mfuniko wa nyuma mbele yake. Muuzaji akikataa, saa iachwe.