Hammad wa Kufa na haki ya mwalimu



Ndugu Waislamu, mtoto wa pwani akiulizwa madhehebu yake hujibu bila kusita kuwa yeye ni Shafii. Mwulize Hammad bin Abi Sulayman ni nani, atanyamaza, na watu wazima wengi watanyamaza pamoja naye. Hata hivyo mzee huyo wa Kufa, aliyefariki mwaka 120 Hijria, ana sehemu yake katika elimu tuliyorithi. Alimsomesha Abu Hanifa, Abu Hanifa akamsomesha Muhammad bin al-Hasan al-Shaybani, na Imamu Shafii, baada ya kusoma kwa Imamu Malik huko Madina, aliketi kwa Shaybani mjini Baghdad.

Abu Hanifa alidumu kwa Hammad miaka 18. Imepokewa kuwa baada ya miaka kama 10 nafsi ilimshawishi ajitenge na kuanzisha darsa yake. Alitoka jioni kwa nia hiyo, lakini alipomwona mwalimu wake msikitini moyo haukumpa, akaketi naye kama kawaida. Usiku uleule Hammad akaletewa habari kuwa jamaa yake amefariki Basra na hana mrithi ila yeye. Akasafiri, akamwachia mwanafunzi wake nafasi yake. Kwa miezi 2 Abu Hanifa aliulizwa mambo ambayo hakuwahi kuyasikia kwa mwalimu wake, naye akawa anajibu na kuyaandika majibu yake. Hammad aliporejea aliyasoma. Yalikuwa masuala yapata 60. Akakubaliana naye katika 40, akamkhalifu katika 20. Abu Hanifa akaapa kutomwacha mpaka kifo kiwatenganishe.

Tuitazame hesabu hiyo. Thuluthi mbili, katika shule zetu za leo, ni alama ya kupigiwa makofi. Abu Hanifa alizitazama zile 20. Na mwalimu naye hakumficha makosa yake kwa ajili ya mapenzi, wala hakumfukuza kwa ajili ya makosa hayo. Haya mawili ni adimu kukutana kwa mtu mmoja.

Alipokuwa mwalimu yeye mwenyewe, Abu Hanifa alimpata kijana fukara, Abu Yusuf, ambaye watu wake walitaka aache darsa akachume riziki. Alipoona hahudhurii, alimuuliza sababu, kisha akawa anampa fedha za matumizi, nyingine zikifuata kabla hajaomba. Kijana huyo ndiye aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Khalifa Harun al-Rashid.

Kwetu hapa mifano haikosekani. Sheikh Abdallah Bakathir wa Lamu na Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyezaliwa Ngazija, walikuwa takriban rika moja. Bakathir hakuona haya kumfanya mwenziwe kuwa mwalimu wake. Naye akasomesha nyumbani kwake Ukutani, Unguja, na wakafariki wote wawili mwaka 1925. Miongoni mwa waliochota elimu kwao ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya.

Sasa mwalimu wa chuo cha mtaani, aliyetufunza alifu mpaka tukahitimu, yu wapi? Hana pensheni wala bima. Mzazi anayelipa ada ya masomo ya jioni bila kunung'unika humwomba mwalimu wa Kurani apunguze senti zake za mwezi. Mwalimu huyo akifa tunajaa mazikoni, na kila mmoja anasimulia alivyochapwa. Wakati macho yake yalipoanza kufifia, ni wangapi tuliompeleka hospitali? Wanafunzi 20 wa zamani, kila mmoja akitoa kidogo kila mwezi, wangemtosheleza mzee huyo kodi na dawa. Hili halihitaji jumuiya wala katiba. Linahitaji mtu mmoja wa kuwapigia simu wenzake.

Abu Hanifa hakungoja mazishi. Mwanawe aliitwa Hammad. Na imepokewa kuwa tangu mwalimu wake alipofariki hakusali sala ila alimwombea maghufira pamoja na wazazi wake, wala hakunyoosha miguu kuelekea nyumba ya Hammad, ilhali baina ya nyumba zao palikuwa na vichochoro saba.