Mwongozo wa Programu Huria Hujengwa Namna Gani?



Wanachama wetu wa maofisini wametuuliza mara nyingi kwa nini programu huria, yaani zile ambazo yeyote ana ruhusa ya kuzisoma, kuzibadili na kuzigawa, huja na miongozo mibovu. Jibu ni kwamba wengi hupenda kuandika programu, wachache hukubali kuandika maelezo yake, na hao wachache hawatajwi.

Tutoe mfano wa Python, lugha ya kuandikia programu iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1991. Kwa miaka mingi miongozo yake iliandikwa kwa LaTeX, chombo wanachokipenda sana wataalamu wa hesabu. Aliyetaka kusahihisha sentensi moja alipaswa kwanza kujifunza alama zake nyingi. Mwaka 2007 Georg Brandl alishughulika kuihamisha miongozo hiyo kwenye maandishi mepesi zaidi, na chombo alichokitengeneza kwa kazi hiyo, Sphinx, kilitolewa kwa watu wote mwaka 2008. Leo kinatumiwa na miradi mingine mingi.

Kazi yenyewe huenda hivi. Mwandishi huandika katika faili la kawaida. Kichwa cha habari hupigiwa mstari wa alama chini yake. Neno la kutiliwa mkazo huwekwa kati ya nyota. Ukurasa wa mbele hubeba orodha ya kurasa zote. Kisha hutolewa amri moja, na Sphinx husoma mafaili yote na kujenga kurasa za kusomwa kwenye kompyuta, au kitabu cha kupigwa chapa. Ukurasa uliosahauliwa katika orodha hutolewa onyo. Rejeo la sura isiyokuwapo, vivyo hivyo.

Na hapa ndipo wengi wanapokosea. Maonyo hupita, kurasa zinatoka, mtu anakwenda zake kunywa chai. Yafaa Sphinx kiamriwe kuhesabu kila onyo kuwa kosa, ili ujenzi ushindwe mpaka lirekebishwe. Inaudhi, twajua. Vilevile chaweza kuamriwa kuiendesha mifano iliyomo katika mwongozo na kutazama kama majibu yanalingana na yaliyoandikwa. Lakini kama maelezo yanaeleweka au hayaeleweki, hilo hakilijui. Hapana budi asome mtu mgeni wa kazi.

Tangu mwaka 2011 Sphinx huweza pia kutoa maneno ya mwongozo aya kwa aya kwa ajili ya watafsiri. Aya isiyotafsiriwa hubaki katika lugha yake ya asili. Ya asili ikibadilika, tafsiri yake hutiwa alama ya shaka hadi mtu aitazame. Kwa hiyo wanachama watano waweza kugawana kitabu kizima cha Kiswahili bila kungojeana.

Katika ofisi moja tunayoifahamu, karani mmoja tu ndiye aliyejua programu ya hesabu za michango. Alipohamishwa, vitabu vya mwezi vilichelewa wiki tatu, naye akawa anapigiwa simu usiku bila malipo. Alipoambiwa aandike maelezo, aliuliza angepewa saa ngapi za kazi. Mkuu wake alisema aandike nyumbani. Tunataka saa hizo ziingizwe katika mkataba, sawa na saa za kukaa mezani.