Baker, Mji wa Wapita Njia

Kutoka Los Angeles kwenda Las Vegas kwa gari, barabara kuu namba 15 hukata jangwa la Mojave, na kwa saa kadhaa msafiri haoni ila changarawe, vichaka vya rangi ya majivu na milima mikavu. Ukiuacha mji wa Barstow unakwenda karibu kilomita 100 ndipo ukute Baker, na Las Vegas bado iko kilomita 150 mbele. Mji unaishi kwa umbali huo.

Sensa ya 2020 ilikuta watu 442. Hawalimi, wala hawana kiwanda. Barabara kuu ya zamani, ambayo sasa magari ya mwendo wa kasi huipita pembeni, ndiyo mtaa wao wa biashara: vituo vya mafuta, mahali pa kuchajia magari ya umeme, mkahawa wa vyakula vya Kigiriki, duka la nyama kavu lililopambwa kwa sanamu za viumbe wa sayari nyingine. Ijumaa foleni ni ya wanaokwenda kucheza kamari Nevada, Jumapili ni ya hao hao wakirudi.

Hata joto huuzwa. Mwaka 1991 Willis Herron, mwenye mkahawa mjini hapo, alisimamisha kipimajoto kinachotajwa kuwa kirefu kuliko vyote duniani. Kina futi 134, kama mita 41. Alichagua urefu huo kwa sababu tarehe 10 Julai 1913, katika bonde la Death Valley lililo kaskazini, joto lilirekodiwa kufikia nyuzi 134 za Fahrenheit, yaani 56.7 za Selsiasi. Basi futi moja kwa kila nyuzi. Upepo ulikiangusha, kikajengwa tena. Baadaye taa zake zilizimwa, hadi familia ya Herron ilipoziwasha upya mwaka 2014. Nakipenda kipimajoto hiki. Kimemfanya mtu aliyekusudia kupita tu ashuke, apige picha, ahisi lile jua utosini, kisha akanunue maji.

Maji yenyewe yana kisa chake. Mto Mojave huanzia milima ya San Bernardino na, badala ya kwenda baharini, huelekea jangwani. Sehemu kubwa ya njia hupita chini ya mchanga, na hukomea Soda Lake, kando ya Baker. Ni ziwa kwa jina. Siku nyingi utaona uwanda mweupe wa chumvi. Mwaka wa mvua kubwa ndipo maji hutanda juu.

Jina la mji limetokana na Richard C. Baker, rais wa reli ya Tonopah and Tidewater iliyobeba boraksi, madini yanayotumika katika sabuni na kioo. Ralph Fairbanks alipoanzisha mji mwaka 1929, magari yalikuwa yameanza kuwa na maana kuliko treni. Treni zilikoma 1940, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia vyuma vya reli vikang'olewa. Mji ulikuwa umekwisha kuhamia kwa wenye magari.

Kuelekea Nevada barabara hupanda mlima mrefu, na mabango humwomba dereva azime kiyoyozi injini isije ikachemka. Madirisha hufunguliwa, joto lote likaingia. Usiku, nyuma kabisa, ule mnara wa taa bado unaonekana.